Kiti Kinauzwa Bei Gani? Mahali pa kufanyia kazi, kutoka Kishapu hadi Geita

Mama mwenye hoteli hakunifukuza. Mara ya kwanza alikuja akafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Mara ya pili akaondoa kopo la sukari. Mara ya tatu akasimama pembeni, kitambaa begani, akauliza kwa upole, "Baba, kuna mtu unamsubiri?" Ilikuwa saa sita na robo mchana, Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu. Nilikuwa nimekaa pale tangu saa tatu, na nilichokuwa nimeagiza ni chai ya maziwa kikombe kimoja na chapati mbili. Waya wa laptopu yangu ulikuwa umechomekwa kwenye soketi ya friji lake la soda. "Hapana, mama. Samahani sana," nikasema. Nikakunja waya, nikalipa, nikanunua na soda ambayo sikuwa na kiu nayo.

Nimelifikiria sana lile kopo la sukari. Dar es Salaam watu huulizana ni mgahawa gani wa Masaki au Mikocheni una intaneti ya kasi na viti vya kuegemea. Ukiuliza swali hilo Kishapu utachekwa, kana kwamba umeuliza kituo cha treni ya umeme kiko wapi. Lakini wanaolihitaji jibu wapo. Yupo mwandishi wa habari wa kujitegemea anayelipwa kwa habari moja moja. Yupo kijana anayehariri video za harusi, mfasiri, na mchora ramani anayewafanyia kazi wachimbaji wadogo. Wapo wanaoandika maandiko ya miradi kwa vikundi vinavyoomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mkoa wa Shinyanga ulihesabiwa kuwa na watu 2,241,299 katika sensa ya 2022, na Kishapu peke yake ina zaidi ya 300,000. Katika umati huo hawakosekani wanaoishi kwa kompyuta bila kuwa na ofisi. Nyumbani kuna watoto, kuna redio ya jirani, na kuna mjomba anayeamini kwamba mtu aliyekaa hana kazi.

Kwa hiyo tuanze na hesabu ya yule mama. Mteja wa ugali hukaa dakika ishirini, akichelewa sana ishirini na tano. Kati ya saa sita na saa nane mchana, kiti kimoja kinaweza kuuza sahani nne au tano. Mimi, kwa chai yangu ya asubuhi, ningekizuia kiti hicho katika saa mbili zinazolipa kodi ya fremu yake, mkaa wake na mshahara wa binti anayeosha vyombo. Mgahawa wa kisasa wa Dar umeshalimaliza tatizo hilo kwa kuliingiza kwenye bei. Kikombe kimoja cha kahawa kule kinaweza kuwalisha watu watatu chakula cha mchana Mhunze, na sehemu kubwa ya bei hiyo ni kodi ya kiti. Nairobi walilielewa hili mapema. Java House ilianza mwaka 1999, na iHub ilipofunguliwa barabara ya Ngong mwaka 2010, vijana wa programu walipata mahali ambapo kukaa ndiyo biashara yenyewe. Dar es Salaam ilifuata mwaka 2011 kwa kituo cha ubunifu cha Buni, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Hoteli ya chakula ya Mhunze haina njia ya kukuuzia muda. Inauza wali, ugali, maharage na nyama, na kiti ni chombo cha kupitishia sahani. Ukikigeuza ofisi unamwibia mwenyewe, hata kama hatasema. Wasukuma ni watu wa staha. Ukiwaamkia "Mwangaluka" asubuhi watakupa kiti kizuri kuliko vyote, na aibu ya kukuondoa itawatesa wao zaidi yako. Basi yeyote anayetafuta mahali pa kufanyia kazi katika ukanda huu aulize jambo moja kabla ya kuuliza habari za intaneti: je, saa hizi ninazotaka kukaa, kiti changu kinamgharimu nini mwenye nyumba?

Wa kwanza kulijua jambo hilo hawakuwa na laptopu. Nenda Maganzo, mji uliopo kando ya lami ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa Mwadui. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na kwa miongo mingi mgodi ulikuwa mji ndani ya uzio: nyumba, uwanja wa ndege, klabu, hospitali. Aliyekuwa ndani alikuwa na ofisi. Aliyekuwa nje alikuwa na Maganzo, na Maganzo ilimpa kiti cha hoteli. Dalali wa almasi alikaa na glasi ya chai, akasubiri mtu mwenye kipande kwenye karatasi. Ofisi yake ilikuwa meza ya pembeni yenye mwanga wa kutosha kuliangalia jiwe, na mwenye hoteli hakumwondolea sukari, kwa sababu kila aliyekuja kumwona dalali alikunywa chai pia. Dalali alilipa kodi ya kiti kwa wageni wake.

Jambo hilo lina historia hata mbali na hapa. Soko la bima la Lloyd's la London lilianza miaka ya 1680 katika mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, ambako manahodha na wenye meli walikaa wakibadilishana habari za safari. Lloyd aligundua kwamba waliokaa muda mrefu ndio waliowavuta wengine. Maganzo iligundua hivyo bila kumsikia Lloyd. Geita nayo ilikuwa na wanunuzi wa dhahabu waliofanyia biashara mahotelini na madukani, hadi serikali ilipoanza kuwakusanya kwenye masoko rasmi ya madini. La kwanza lilifunguliwa Geita Machi 17, 2019 na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, na Kahama na Shinyanga nazo zikapata ya kwao. Wauzaji na wanunuzi wakapewa mahali, mizani na taratibu. Sisi wengine, tunaouza maneno, picha na hesabu, bado tuko kwenye meza ya pembeni, na tofauti yetu na dalali ni kwamba wateja wetu wako Dar es Salaam au Ulaya, hawawezi kuja kumnywea mama chai.

Kulikuwa na wakati muda uliuzwa waziwazi. Walioishi Shinyanga mjini mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka vyumba vya intaneti: kompyuta zimepangwa ukutani, kuna daftari la muda, na kijana wa kaunta anakuambia zimebaki dakika tano. Ulilipa nusu saa, ukapata nusu saa. Ilikuwa biashara ya haki kabisa, kiti na umeme na mtandao kwa bei moja inayoeleweka. Simu janja zikaja, kila mtu akawa na intaneti mfukoni, vyumba vikafungwa kimoja baada ya kingine. Tulidhani kilichokufa ni uuzaji wa intaneti. Kumbe kiti nacho kilikufa.

Mrithi wa vyumba vile ni steshenari, na kwa maoni yangu steshenari ndipo mahali pa kuangaliwa kwa makini kuliko mgahawa wowote katika wilaya hii. Zipo Mhunze, zipo Maganzo, na kila penye ofisi ya serikali zipo kadhaa mstari mmoja. Kwa sura ni duka la kalamu na fotokopi. Kwa kazi ni ofisi ya umma isiyo rasmi. Humo ndimo kijana anapojaziwa maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, anapohakiki cheti cha kuzaliwa RITA, anapotafuta TIN, anapoomba kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Msimu wa maombi ya vyuo na mikopo, katikati ya mwaka, foleni hufika barazani. Mwenye steshenari mwenyewe ni mfanyakazi huru wa kwanza wa kidijitali katika mji wake: anaandika, anapanga kurasa, anasanifu kadi za harusi na vitambulisho, analipwa kwa kazi. Ana printa na skana. Mara nyingi ana betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya ombi la mtu, anayelaumiwa ni yeye.

Anachokosa ni nafasi. Fremu ya steshenari ina kompyuta mbili au tatu, benchi moja, na watu watano waliosimama nyuma yako wakisoma unachoandika. Nimewahi kuandika makala nzima huku bwana mmoja akinisahihishia tahajia kutoka begani, na alikuwa sahihi mara mbili. Lakini miezi isiyo ya msimu, steshenari hulala. Mwenyewe anasinzia, soketi ziko huru. Hapo ndipo kiti chako hakimgharimu chochote, na ukimwachia kazi ya kuchapa kurasa zako umemlipa vizuri. Sijui kwa nini hawajaweka tu ubao: meza, umeme na chai ya chupa, kwa saa. Wangerudisha ile biashara ya miaka ya 2000 bila kununua hata kompyuta moja.

Sasa nije kwenye jibu ambalo wazee hawatalipenda. Kwa mwanamume, mahali pazuri zaidi pa kufanyia kazi katika mji mdogo wa ukanda huu ni baa, asubuhi. Kwa Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, kuuza pombe siku za kazi kunaanza saa kumi jioni. Kabla ya hapo baa ya kawaida ni uwanja mtupu wenye viti vingi, vibanda vya makuti au bati, miti, soketi za spika zisizopiga, na mhudumu anayefagia taratibu. Asubuhi kuna supu ya ng'ombe au mbuzi na chapati. Baada ya supu, hadi jioni, viti haviingizi shilingi. Mwenye baa anafurahi kuona mtu amekaa, maana uwanja wenye mtu mmoja unaonekana uko wazi. Nunua supu, nunua maji makubwa, baadaye nunua soda, na mwambie mhudumu tangu mwanzo, "Dada, nina kazi hapa mpaka saa tisa." Atakuonyesha meza yenye kivuli kirefu. Saa tisa na nusu wanaanza kujaribu muziki, na huo ndio mwisho wa siku yako ya kazi. Funga laptopu kabla hawajapata sauti wanayoitaka.

Nimesema kwa mwanamume. Mwanamke aliyekaa peke yake baa saa nne asubuhi na laptopu atajibu maswali kabla hajajibu barua pepe. Atasemeshwa, atanunuliwa soda asiyoomba, na jioni habari zitafika kwao kabla yake, zikiwa zimeondolewa laptopu na kuachiwa baa. Gesti nayo ni vilevile: mkahawa wake unaweza kuwa tulivu na wenye waifai, lakini mlango wake una maana nyingine kwa anayemwona mtu akitoka. Haya si mambo madogo ya pembeni. Nusu ya watu wanaoweza kufanya kazi hizi wamefungiwa nje ya sehemu zenye viti vya bure. Kwao steshenari ni salama zaidi, hasa inayoendeshwa na mwanamke, na kwa aliye Shinyanga mjini, maktaba ya mkoa. Maktaba ina ukimya, meza pana na heshima isiyohojiwa. Ila haina chai, huwezi kupokea simu ya mteja, na inafuata saa za serikali.

Ukitoka Kishapu kwenda mijini hesabu inabadilika, kwa sababu kuna wanaokaa kwa fedha za mwajiri. Shinyanga mjini kuna hoteli za semina. Majina ya Karena, Vigimark na Empire yamezoeleka kwa yeyote anayefuatilia habari za mkoa, kwa kuwa warsha na mikutano ya wadau hufanyikia humo. Hoteli ya semina ni mahali pazuri siku ambayo haina semina. Ukikuta bango la mradi mlangoni geuza, maana saa nne itakuja chai ya washiriki na utaonekana kama mtu anayevizia posho.

Kahama ni habari nyingine. Ilipandishwa kuwa manispaa mwaka 2021, na kwa idadi ya watu inaizidi manispaa ya Shinyanga yenyewe, yenye ofisi ya mkuu wa mkoa. Mchele wake, njia ya malori ya Rwanda na Burundi, migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi: vyote vimeleta watu wanaolala hotelini na kufanya kazi hotelini. Wakandarasi na wasambazaji wa migodi wameizoeza Kahama mtu anayekaa mezani na kompyuta kutwa nzima. Huko hutaulizwa unamsubiri nani. Mgodi wa Buzwagi uliofungwa umepangiwa kuwa eneo maalumu la uchumi, na viwanda vikikaa vizuri pale, naamini mgahawa wa kwanza wa kweli wa kufanyia kazi katika mkoa huu utafunguliwa Kahama kabla ya Shinyanga. Hayo ni maoni, lakini ningeweka fedha yangu hapo kama ningekuwa nayo.

Geita mjini, penye mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000, hoteli ziko nyingi na jenereta zake zinafanya kazi. Ila kiti ni ghali kwa namna yake. Mteja aliyeuza gramu zake leo ana haraka na ana fedha, na mhudumu anajua amkimbilie nani. Katoro, mkoani humohumo, usijaribu siku ya soko kama kazi yako inahitaji sentensi ndefu.

Nimechelewa kufika kwenye umeme na mtandao, ambavyo wengi huanza navyo. Sababu ni kwamba vimeboreka kuliko viti. Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na kupunguza ule mgao wa nchi nzima, na matatizo yaliyobaki ni ya mtaani: transfoma, nguzo, upepo wa mwanzo wa masika. Kishapu yenyewe ina kejeli yake. Kijijini Ngunga ndiko serikali ilikochagua kujenga mtambo wa umeme wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza 50, kwa fedha za mkopo kutoka Ufaransa. Jua linalotuchoma limepata mkataba, na umeme wake ni wa gridi ya taifa. Mfanyakazi huru wa Mhunze bado anahitaji pawabenki.

Kwa mtandao, Mei 2023 serikali na kampuni za simu zilitia saini ujenzi wa minara 758 vijijini, na tofauti inaonekana hata kwa asiyejua namba hiyo. Mhunze intaneti ya simu inatosha kutuma makala na picha, na mara nyingi hata mkutano wa video, ukiwasha data kwenye simu na kuunganisha laptopu nayo. Waifai ya mgahawa basi si kigezo tena. Bando lako linatosha. Kigezo ni laini mbili za kampuni tofauti, kwa sababu mnara mmoja ukilala wa pili huwa macho. Hata hivyo, kuna siku laini mbili hazisaidii. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na nchi nzima ikatambaa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Aliyekuwa na kazi ya kuwasilisha kwa mteja wa nje wiki hiyo hakuwa na mgahawa wa kukimbilia Tanzania nzima, na mteja wa nje hajui maana ya "mtandao ulizimwa".

Kitu cha mwisho ni kivuli, na hiki kwa Shinyanga si anasa. Septemba na Oktoba, chini ya bati lisilo na dari, laptopu inaungua na mwandishi naye. Mkoa huu uliwahi kuonekana unageuka jangwa, na mwaka 1986 ukaanzishiwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofufua ngitili, yaani malisho ya kuhifadhiwa, na kuwapandisha watu miti kwa kiasi cha kusifiwa duniani. Mwarobaini uliopo nyuma ya baa au mbele ya steshenari unafanya kazi ambayo kiyoyozi kingeidai Luku. Nikiingia mji nisioujua huwa natazama miti kwanza, halafu nguzo za umeme. Penye vyote viwili pana meza.

Kwa hiyo hukumu yangu ya Mhunze ni hii: baa yenye mwarobaini kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa na nusu, steshenari siku ya mvua, siku ya kuchapa, au kama wewe ni mwanamke, hoteli ya chakula kabla ya saa tano tu, na uondoke kabla mama hajafika kwenye kopo la sukari. Maganzo, kaa ukiwa na miadi ya watu watakaokunywa chai. Kwa mkutano wa video wa saa mbili usioweza kukatika, panda gari uende Shinyanga mjini, ununue chakula cha mchana hotelini, na uihesabu nauli kuwa gharama ya kazi.

Na popote utakapokaa, kabla hujachomeka waya, uliza soketi ile ni ya nani. Iliyo karibu na friji ni ya friji.